Mchanga wa Kusugulia

Siku Marcellin alipomwona Sidonie kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa ameinamia chungu sokoni Kasongo, sikio karibu na mdomo wa chungu, anakigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Mnunuzi, mama mnene aliyetoka Nyangwe na samaki wa kukausha, alishikilia kwamba chungu kina ufa. Sidonie akagonga tena, akasikiliza, akasema ni kweli ufa uko, ila uko ndani ya sikio la mnunuzi. Watu wakacheka. Yule mama naye akacheka, akalipa, akaenda na chungu chake kichwani.

Marcellin alibaki amesimama na ndoo mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, mke wake amekufa bila kumwachia mtoto, na alifanya kazi ya uboyi, utumishi wa nyumbani, kwa mzungu aliyekuwa akinunua pamba ya vijiji, yule ambaye watu walimwita Bwana Pamba. Sauti ya Marcellin ilikuwa ndogo na haikupenda kutoka nje. Hata kanisani aliimba kwa midomo tu. Kwa hiyo alingoja watu wapungue, na walipopungua akaendelea kungoja, mpaka mwenye vyungu akamwona.

“Weye baba wa ndoo,” Sidonie akasema, “unanunua, ao unachunga soko?”

Marcellin akajibu kwamba anatafuta mchanga.

“Soko yote iko juu ya muchanga. Inama tu.”

Hapo ikambidi aeleze, na maelezo yakatoka vipande vipande. Madamu, mke wa Bwana Pamba, alikuwa ameletewa kutoka Ulaya sanduku la kioo la kufugia samaki ndani ya nyumba, si kwa kula, kwa kutazama tu. Samaki walikuwepo: perege wadogo wa kijito cha nyuma ya misheni, wenye mgongo mweusi na ubavu wa samawati. Kilichokosekana ni kitu cha kutandika chini. Kwanza Marcellin alitia udongo wa kichuguu, maji yakawa kama chai ya maziwa, samaki wakapanda juu kutafuta pumzi na wengine wakafa. Halafu akatia mchanga mweupe wa Lualaba. Huo ulipendeza macho ya watu, lakini samaki walififia rangi wakajibana pembeni, kama vile mwanga unawapiga kutoka chini. Tena perege ni wachimbaji, na kila walipochimba, vumbi jembamba lilipanda likajaza maji. Bwana Pamba alikuwa amechoka na sanduku lile. Alisema samaki wakifa tena, sanduku litatupwa, na boyi atarudi kijijini kulima pamba kama wenzake.

Sidonie alikuwa mtu wa mizaha, lakini mizaha yake ilikoma mara mazungumzo yalipofika kwenye udongo. Aliuliza kama samaki wale wanachimba kwa mdomo au kwa mkia. Aliuliza kijito chao chini kuna rangi gani. Kisha akaingiza mkono nyuma ya vyungu vyake, akatoa kibuyu, akamimina kiganjani mchanga mweusi unaometameta kidogo. Ulikuwa mchanga wa kusugulia, akasema. Kwao Wamaza, upande wa Kabambare, kuna kijito ambako wanawake huuchota ili kusugua masizi ya vyungu. Akautia ndani ya bakuli la maji, akakoroga kwa nguvu, akaondoa mkono. Mchanga ukazama palepale. Maji yakabaki safi.

“Unaona? Iko nzito. Samaki ichimbe mpaka ichoke, muchanga atarudi chini. Na samaki ya mugongo mweusi, juu ya muchanga mweusi, hakuna mutu atamuona. Hataogopa tena.”

Katika safari yake iliyofuata ya kwenda kumwona mama yake, Sidonie alirudi na kapu zima la mchanga ule mgongoni, njia yote kwa miguu.

Ikawa kama alivyosema. Samaki walitoka pembeni siku hiyohiyo. Rangi ya samawati ikawarudia, na maji yalibaki meupe hata walipochimba. Baada ya majuma machache jike mmoja akataga mayai juu ya jiwe bapa, akayalinda akiyapepea kwa mapezi. Madamu, ambaye tangu afike Kasongo hakuwa akicheka na mtu, akawa anavuta kiti mbele ya sanduku na kukaa hapo asubuhi nzima.

Marcellin naye akawa na sababu za kwenda sokoni. Mara jikoni kulikosa mtungi, mara mfuniko wa chungu haukutosha. Mpishi alinung'unika kwamba nyumba imejaa vyungu na sasa kinachokosekana ni chakula cha kutia ndani. Sidonie alimpa Marcellin jina la Bwana Kimya. Alimwacha akae juu ya kinu kilichopinduliwa, huku yeye akifanya kazi yake na kusema kwa ajili ya watu wawili.

Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kutwanga vigae. Vyungu vilivyovunjika hakuvitupa: alivitwanga, akavichekecha, akauchanganya unga wake wenye kukwaruza na udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni. Ni mama yake aliyemfundisha, na mama yake alifundishwa na mama yake. Pembeni mwa nyumba yake ndogo kulikuwa na chungu kimoja ambacho hakukipeleka sokoni. Kilikuwa cheusi mpaka ndani, kimefukizwa moshi kwa ufundi wa zamani, na shingoni kina mistari iliyochorwa kwa ukucha. Mama yake alikifinyanga kabla mikono yake haijaanza kutetemeka. Siku moja Marcellin aliuliza bei yake, na Sidonie hakujibu kwa mzaha. Alisema tu kwamba hicho hakiuzwi.

Kuhusu mume wake alisema mara moja, akiwa anatwanga. Gérard alikwenda kwa mkataba kwenye migodi ya kaskazini, akafa kwa kuangukiwa na ukingo wa shimo, akaletwa kuzikwa kwao. Lakini si kifo hicho tu kilichomfanya Sidonie asimulie. Baadaye wazungu wa migodi walifika hata kwenye bonde la kina Gérard. Walipata kitu katika kijito chao, nao wakakigeuza kijito tumbo juu. Maji yakawa matope. Mashamba ya wanawake yakafunikwa na mawe, watu wakahamishiwa kando ya barabara, na makaburi, hata la Gérard, hakuna ajuaye leo yako chini ya lundo lipi. Sidonie alitwanga kidogo, kisha akasema hajui hata walikuwa wanatafuta nini. Wafanyakazi wa migodi walipekuliwa mpaka ndani ya nywele walipotoka kazini. Gérard hakuwahi kuleta nyumbani hata punje moja.

Jumamosi moja asubuhi akafika kwa Bwana Pamba mgeni, mzungu aliyezunguka nchi nzima ya Maniema akitafuta mawe yenye madini. Watu walimwita Bwana Karai, kwa sababu hakuachana na karai lake la kuoshea mchanga. Lilifungwa nyuma ya gari lake kama ngao. Alinywa kahawa, akasifu nyumba, akaja kusimama mbele ya sanduku la kioo. Marcellin alikuwa nyuma yake na sinia. Aliona shingo ya mgeni ikinyooka.

Bwana Karai akakunja shati, akatumbukiza mkono ndani ya maji mpaka kiwiko. Akachota mchanga kiganjani, akaupima kwa kuupandisha na kuushusha polepole, akiwa amefumba macho. Jike, aliyekuwa ametaga tena, akaanza kukimbia huku na huku, akijigonga kwenye kioo. Madamu akaruka kutoka kitini akamshika mgeni mkono, akisema maneno makali ya Kifaransa, na mchanga ukamwagika ukazama mahali pake.

Mgeni aliomba radhi, lakini macho yake hayakutoka kwenye sanduku. Akamgeukia Marcellin.

“Muchanga hii natoka muto gani?”

Marcellin alifungua mdomo na hakuna neno lililotoka. Ilikuwa desturi yake, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Bwana Pamba akajibu kwa niaba yake: uliuzwa na mwanamke wa vyungu sokoni, na kama jambo lina haraka hiyo, boyi amlete baada ya usingizi wa mchana, saa ya chai. Bwana Karai akakubali. Alisema atakuja na karai aoshe mchanga kidogo mbele ya wote, kisha mwanamke atawaonyesha kijito, na Jumatatu wataanza safari. Alisema hayo huku akitabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani na hataki kukitangaza bado.

Jua lilipokuwa kichwani na wazungu wamefunga madirisha walale, Marcellin alishuka mbio kwenda kwa Sidonie. Alimkuta anapanga vyungu vya soko la kesho. Safari hii maneno yalitoka yote kwa pamoja: mgeni, karai, mkono ndani ya maji, kijito, Jumatatu.

Sidonie alikaa chini. Akatazama chungu alichokisugua asubuhi, kinang'aa.

“Kumbe ni hii walikuwa wanatafuta,” akasema. “Tunasugulia vyungu.”

Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Kando ya kijito cha Wamaza mama yake alikuwa na nyumba, shamba la mihogo na shimo la udongo wa vyungu. Bwana Karai akiosha mchanga ule na kuona kinachobaki, bonde litafuata njia ya bonde la kina Gérard. Marcellin alisema kwamba mchanga unaweza kuondolewa kabla ya saa ya chai. Lakini mahali pake patiwe nini? Udongo utachafua maji. Mchanga mweupe mgeni atauona kwa mbali kwamba si ule wa asubuhi. Lazima kiwe kitu cheusi, kilichooshwa, kinachozama, na kisiue samaki. Samaki wakifa, Madamu mwenyewe ataanza kuuliza.

Sidonie alitazama kinu chake. Akasimama, akachukua chungu cheusi katika vile vya kesho, akakivunja kwa mchi.

Alichagua vyeusi tu, kwa kuwa vyekundu visingefaa. Marcellin alitwanga, yeye akachekecha, akatupa vumbi na kuweka chembe. Waliosha, maji yakatoka na ukungu, wakaosha tena mpaka yakatoka safi. Vyungu vyeusi vya kesho vikaisha. Marcellin akapima kwa macho, akasema chembe hazitoshi kufunika sakafu ya sanduku. Kioo kitaonekana katikati. Sidonie akaenda pembeni, akabeba chungu cha mama yake. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio mpaka ukaisha. Kisha akampa Marcellin.

“Vunja weye. Mimi nitakivunja vibaya.”

Waliingia kwa Bwana Pamba kwa mlango wa jikoni. Sidonie alibeba mtungi wa maji kichwani, na chembe za vigae zilikuwa ndani ya ndoo ya Marcellin chini ya kitambaa. Waliwahamisha samaki kwenye beseni pamoja na maji yao, na jiwe la mayai likahamishwa likiwa limezama, lisiguse hewa. Walichota maji ya sanduku kwenye ndoo za jikoni wasiyamwage. Mchanga mweusi ukachotwa kwa kibuyu kuingia ndani ya mtungi. Sidonie akatandaza vigae kwa viganja, taratibu, kama anayelainisha ukuta wa chungu kibichi. Juu yake wakalaza jani la mgomba, na Marcellin akamimina maji juu ya jani ili yasitibue chini.

Alipoinua uso, Madamu alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu.

Hakuna aliyesogea. Mikono ya Sidonie ilikuwa imelowa mpaka kwenye mabega. Madamu akatazama mtungi, akatazama ndoo, akatazama sanduku, ambalo maji yake yalikuwa na ukungu mwembamba kama pumzi juu ya kioo. Kisha akakaribia beseni, akachuchumaa.

“Mayai iko muzima?” akauliza.

Marcellin akaitikia kwa kichwa. Madamu akasimama, akarudi chumbani, akafunga mlango.

Walirudisha samaki na jiwe. Sidonie akajaza maji juu ya mchanga ndani ya mtungi, Marcellin akamtwisha, wakatoka kwa njia ya lango. Na hapo, mbele ya lango, ndipo gari la Bwana Karai lilipokuwa limesimama, kabla ya saa yake, mvuke unatoka mbele. Bwana Karai alikuwa akifuta jasho. Alipoona mtungi, akaonyesha kwa kidole tundu la gari la kutilia maji. Maji.

Zamu wa lango, mlinzi Hemedi, akakimbia kuupokea mtungi aumimine. Angeuinua tu, angejua.

“Acha mutungi yangu, Hemedi,” Sidonie akasema. “Bibi yako anakungoja kisimani kila siku, hujamusaidia. Leo mbele ya muzungu ndiyo unajua kubeba?”

Hemedi akarudi nyuma, na wapita njia wakamzomea kidogo. Sidonie akapiga magoti mpaka chini, shingo imenyooka, akautua mtungi peke yake. Marcellin aliona mishipa ya shingo yake ikisimama. Sidonie akasema mtungi una ufa shingoni, hauwezi kuinamishwa. Akachukua kibuyu, akachota maji, akamimina ndani ya gari, akachota tena. Bwana Karai alisimama karibu naye, kivuli chake juu ya mtungi, akitazama maji yanavyoingia. Kila kibuyu kilitoka safi. Kule chini mchanga ulilala bila kutikisika, kwa uzito wake uleule ulioupa mkono wa mgeni habari asubuhi. Gari likatosheka. Maji ndani ya mtungi yalikuwa yamebaki kimo cha kiganja tu.

Marcellin ndiye aliyemtwisha tena. Alipouinua mtungi, uso wake ukawa karibu na uso wa Sidonie kuliko siku zote, akasikia pumzi yake imekatika. Sidonie akaenda zake, akitembea kama mwenye maji tu. Mchanga ule aliumwaga katika shimo la choo nyuma ya soko. Baadaye alimwambia Marcellin kwamba anayeutaka aufuate huko.

Saa ya chai Sidonie alirudi kama alivyoitwa, bila mzigo kichwani, akasimama chini ya baraza. Madamu mwenyewe alichota chembe kwa kijiko, pembeni, mbali na mayai. Bwana Karai akazitia katika karai lake, akaongeza maji, akaanza kuzungusha. Alikuwa na mkono mzuri, mtu angependa kumtazama. Akazungusha, akainamisha, maji yakatoka na chembe. Akaongeza maji, akazungusha tena. Kitu kizito kingebaki chini. Hakuna kilichobaki. Bwana Pamba akacheka puani.

Mgeni alichukua chembe iliyodondoka sakafuni, akaiuma kwa meno, akaitema. Akasema hii si ile ya asubuhi. Hakumtazama mwanamke, alimtazama Marcellin, anayelisha samaki, anayeshika ndoo.

“Weye. Nani nabadilisha?”

Marcellin alisikia maneno yakimgomea kama kawaida. Alimwona Sidonie chini ya baraza, mikono ameifumbata tumboni, hatazami mtu. Akajua kwamba kimya chake, ambacho asubuhi kilimsaidia, sasa kitakuwa jibu.

“Hakuna mutu, Bwana,” akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyoitaka. “Hii ni vigae. Huyu mama anatwanga vyungu vyeusi, mimi ninaosha. Siku ya kwanza ni vigae, na leo ni vigae. Ndani ya maji kila kitu inadanganya mukono. Madamu anajua. Yeye anaitazama kila siku.”

Wote wakamgeukia Madamu. Alikuwa na kijiko mkononi, kinadondosha maji juu ya sakafu. Marcellin hakuwahi kujua alichokuwa akifikiri: kama aliogopa watu wa migodi kumvurugia samaki, au kuna jambo jingine.

“Ni ile ile,” Madamu akasema.

Bwana Karai alifunga karai lake nyuma ya gari. Alisema atapita tena kabla ya mvua, na kwamba angependa kuzungumza na mama wa vyungu polepole. Kwa sababu hiyo Sidonie hakungoja. Soko la Jumapili alibakiwa na vyungu vyekundu vichache tu, na baada ya misa alifunga mzigo wake.

Hakurudi Kasongo. Habari zake zilifika kwa wasafiri wa Kabambare: kwamba alimzika mama yake, kwamba vyungu vyake vinatafutwa mpaka mbali, kwamba maji ya kijito cha Wamaza bado yanapita meupe na wanawake wanasugulia vyungu hapo. Mwaka mmoja habari zikaja kwamba naye amelala usingizi wa mwisho, homa ya siku chache tu. Marcellin aliendelea kulisha samaki mpaka Madamu alipoondoka, na mpaka leo ana kigae kidogo chenye mistari ya ukucha, alichokiokota chini ya jani la mgomba siku ile.

Jumapili ile ya kuondoka, Marcellin alimsindikiza Sidonie mpaka njia ya Kabambare inapoachana na mji. Njia nzima alikuwa na neno moja mdomoni, na kwa kuwa jana yake alikuwa ameweza kusema mbele ya wazungu, aliamini kwamba hili nalo litatoka. Walisimama. Sidonie akarekebisha mzigo kichwani, akamtazama usoni, akaona mdomo wake unaanza kufunguka. Pengine alidhani anataka kuuliza habari za kijito, wapi hasa, upande gani.

“Umesema vizuri jana, Marcellin,” akamwambia. “Sasa nyamaza tena.”